Ukuta wa Hondohondo

Nimewahi kumwonea wivu mwanamume mwenye gari, mwanamume mwenye meno mazuri, na safari moja marehemu, kwa kuwa mke wangu alilia sana msibani kwake. Hayo nayakiri bila aibu kubwa. Lakini mwaka juzi, mvua za vuli zilipoanza hapa Mikumi, nilimwonea wivu ndege, na hilo mpaka leo siwezi kulisimulia huku nimemtazama mtu usoni.

Mimi ni fundi ujenzi. Babu yangu aliletwa Kilosa na kazi ya reli, baba yangu akazeekea kwenye mashamba ya mkonge, na mimi nikajua kukandika nyumba ya miti na udongo kabla sijaota ndevu. Baadaye nikahamia kwenye tofali na saruji, kwa sababu dunia nzima ilihamia huko. Nimewajengea wakulima wa miwa kule Ruaha, nimejenga madarasa, nimejenga misikiti miwili na kanisa moja, na hakuna ukuta wangu ulioinama. Watu wananisifu. Naweza kusema wote wananisifu isipokuwa mmoja, na huyo mmoja ndiye ambaye sifa zake nilikuwa nazitaka.

Mke wangu ana sababu zake. Tulihamia nyumba yetu ikiwa tofali tupu, nikamwahidi kwamba chumba cha kulala nitakipiga plasta mwezi unaofuata. Ukapita mwezi, ikapita miaka kumi na miwili. Mganga hajigangi. Kila nilipopata saruji ilikuwa ya mteja, na kila nilipopata siku ya kupumzika sikutaka hata kuuona mwiko. Mke wangu akatundika kanga kuukuu ukutani upande wa kichwani, maana tofali lisilopigwa plasta humwaga vumbi kwenye mto usiku kucha, na asubuhi mtu huamka ana udongo sikioni.

Kitu nilichokimaliza ni uzio. Niliujenga mwaka ule ule tuliohamia, kozi kumi na tatu za tofali kwenda juu, nikaupiga plasta nje na ndani. Majirani niliwaambia ni kwa ajili ya wezi. Ukweli ni kwamba nyumba yetu iko karibu na barabara kuu, mke wangu anauza vitumbua asubuhi, na madereva wa malori walikuwa na tabia ya kumwita "dada" kwa sauti ndefu kupita kiasi. Nilipomaliza alisimama katikati ya ua, akauangalia uzio wote, pembe kwa pembe.

"Nje kumependeza," alisema, akaingia ndani kwenye vumbi lake.

Sasa nije kwa ndege. Jumamosi ya usafi, mwezi wa kumi na moja, kina mama wa mtaa wetu walipangiwa kufyeka bustani ndogo iliyo karibu na ofisi ya kata. Watu wa mbali wakisikia Mikumi hufikiria tembo na simba. Sisi wenyeji hifadhi tunaipita kwenye basi, tena tukiwa tumelala. Bustani yetu ina mabenchi manne, moja limevunjika, na miti michache mikubwa ambayo hakuna aliyekumbuka kuikata. Mmoja ni mng'ongo wa zamani wenye tundu kwenye shina, kimo cha watu wawili kutoka chini. Mke wangu alikuwa anafyeka chini ya mti huo alipomwona mwalimu mstaafu amekaa kwenye benchi, ameshika darubini, na anamwashiria kwa kidole anyamaze.

Mwalimu huyo alinifundisha darasa la tatu kule Kilosa, na fimbo zake nazikumbuka kuliko hesabu zake. Sasa alikuwa amepita miaka sabini, mkewe alishafariki, na alichobaki nacho ni pikipiki nyekundu na asubuhi zote za dunia. Akampa mke wangu darubini. Mke wangu akaona tundu la mng'ongo limezibwa kwa tope mpaka limebaki ufa mwembamba. Hondohondo dume alikuwa amening'inia kwenye gome, anapenyeza tunda kwenye ule ufa kwa mdomo wake mrefu wa rangi ya chungwa, na ncha ya mdomo mwingine inalipokea kutoka ndani.

Jioni ile alinisimulia mpaka ugali ukapoa.

"Jike yumo ndani, baba watoto. Amezibwa humo na mayai yake. Anayemlisha ni mumewe. Amekuja mara kumi na moja nikiwa pale pale! Tunda, panzi, mjusi, panzi tena. Hachoki."

"Na sisi tunafanya kazi," nilisema.

"Nani amesema hamfanyi?"

Hapa inafaa nieleze jambo moja kuhusu mke wangu. Ni mzaliwa wa Ulaya, si ile ya wazungu, hii yetu ya wilaya ya Kilosa. Amekulia juu ya dungu, kile kichanja cha miti katikati ya shamba la mpunga, akiamia ndege tangu kunapopambazuka mpaka jua linazama. Alipiga debe, alirusha matope kwa fito, alipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Kwao ndege alikuwa njaa yenye mabawa. Sasa, akiwa na miaka arobaini na minane, ndiyo kwanza mtu anampa nafasi ya kumtazama ndege bila kumfukuza. Ningelielewa hilo mapema ningejiepusha na mengi. Sikulielewa, kwa sababu nilikuwa na kazi ya kujiuliza mwalimu ana nia gani.

Maana alianza kwenda kila siku. Vitumbua huisha saa tatu, na saa tatu na nusu zamani alikuwa nyumbani. Sasa anarudi saa tano, mara nyingine saa sita, na ndoo yake tupu kichwani, anatabasamu peke yake. Jirani yangu, mtu ambaye hajawahi kuniletea habari njema, akaniuliza getini, "Fundi, mama siku hizi ana kibarua kule bustanini? Maana namwona na mwalimu kila siku." Lisemwalo lipo. Nikaacha vijana wangu wakichanganya zege, nikapanda baiskeli, na njia nzima nilikuwa natunga maneno nitakayomwambia yule mzee.

Nilimkuta kwenye benchi. Akageuka kuniangalia, na kabla sijajua, mdomo wangu ukasema wenyewe, "Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, kijana wangu. Kaa chini, nyamaza, anakuja."

Ukishamwamkia mtu shikamoo, nusu ya ugomvi imekwisha, na nusu iliyobaki huna pa kuishika. Nikakaa. Mwalimu alikuwa mwanzo wa benchi, mke wangu mwisho, na katikati yao ndoo ya vitumbua na nafasi ya kukaa watu wawili. Hawakuwa wanaangaliana. Wote walikuwa wametazama tundu, na dume alipotua na panzi mdomoni nikageuka kumtazama mke wangu badala ya ndege.

Uso ule niliujua. Ni uso alionitazama nao nilipokuwa kijana, nilipokwenda kwao Ulaya kujenga choo cha shule na nikatembea juu ya ukuta mbichi ili wasichana waone. Miaka yote hii nilidhani uso huo umezeeka ukaisha. Kumbe ulikuwepo, mzima, na aliyepewa alikuwa ndege mwenye mdomo kama ndizi. Wivu wangu wote ukamwacha mwalimu ukahamia kwenye mti. Niliusikia ukihama, kama mtu anavyosikia gunia likihamishwa bega.

Nikajaribu kufanya utani. "Basi hata ndege anajua mke hufungiwa ndani," nikasema.

"Anajifungia mwenyewe," alijibu mke wangu, darubini ikiwa machoni. "Mume anamletea tope tu. Anayekandika ni yeye, kwa mdomo wake, kutoka ndani. Na siku akitaka kutoka atabomoa."

Mwalimu akakohoa kidogo. Mimi nikatazama viatu vyangu.

Kuanzia hapo kila jioni nilihesabiwa mema ya dume yule. Leo kaleta jongoo, kampigapiga kwanza kwenye tawi ili asimdhuru mkewe. Leo kanyeshewa, mabawa yamemlowa, na bado kaja. Leo jike alikataa tunda, naye hakununa, akaenda akaleta jingine. Hilo la kutonuna alilisema taratibu na kwa makusudi. Nikaanza kushindana. Siku moja nilileta tikiti maji kutoka Ruaha, nimelifunga nyuma ya baiskeli kwa mpira. Siku nyingine kuku mzima. Alishukuru, alipika vizuri, na katikati ya kula akasema, "Unajua, yeye hali kwanza. Humpa mkewe kwanza." Mfupa ulikuwa mdomoni mwangu.

Nilichukia mpaka mlio wake, ule wa filimbi unaoshuka. Nilichukia kwamba hana deni la maneno kwa mtu yeyote. Mimi nikichelewa nyumbani naulizwa, yeye akichelewa anahurumiwa. Na siku moja tu ndiyo nilimcheka. Mwalimu alikuwa ameegesha pikipiki karibu na mti, na dume akashuka, akajiona kwenye kioo cha pembeni, akadhani mwanamume mwenzake ameingia. Akakipiga kioo kile kwa mdomo, akaruka nyuma, akakipiga tena, manyoya ya kichwani yamemsimama. Nilicheka mpaka nikashika mbavu.

"Anaona wivu na kivuli chake," mke wangu alisema. Kisha akanitazama mimi, muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika.

Mwaka ukageuka. Wiki ya pili ya mwezi wa kwanza mama mkwe wangu akaugua homa, na mke wangu akajiandaa kwenda Ulaya kumuuguza kuanzia Jumatano mpaka Jumapili. Wiki hiyo hiyo mwalimu alikuwa amekwenda Morogoro kwa daktari wa macho. Mke wangu akasimama mlangoni na mfuko wake.

"Naomba kitu kimoja, baba watoto. Unipitie pale bustanini. Uniangalizie. Sina mwingine wa kumwachia."

Kwa miaka mingi hakuwa ameniomba kitu kwa sauti ile. Nilijibu, "Nenda salama, nitawaangalia," na nilimaanisha.

Alhamisi ilinyesha mvua kubwa. Ijumaa mchana, watu wakiwa msikitini ambako na mimi nilipaswa kuwepo, nikaenda bustanini. Nilichokiona kilinifanya nishuke kwenye baiskeli kabla haijasimama. Tundu lilikuwa wazi. Ule ukuta wa tope ulikuwa umebomoka, mabonge yake yamelala chini ya mti. Na juu ya tawi alikuwepo dume, mume wa mfano, na pembeni yake hondohondo jike, ubavu kwa ubavu, wanagongana midomo.

Nilifurahi, Mungu anisamehe. Nilifurahi kwa furaha mbaya. Nikajiambia, kumbe! Mkewe yuko gizani na watoto, mvua imembomolea nyumba, na mume bora wa Mikumi nzima amekaa tawini na mke wa pili. Nilikuwa napanga jinsi nitakavyomsimulia mke wangu, neno kwa neno, na wapi nitanyamaza kidogo kabla ya kuendelea.

Kisha nikaliangalia tundu kwa jicho la kazi. Nikayaokota mabonge ya tope, nikayasaga kwa vidole. Tope tupu! Halina mchanga, halina nyasi, limeshikizwa kwa kinyesi na maganda ya matunda. Fundi uchwara. Mvua moja tu. Na hapo wazo likanijia, likanijia lote kwa mkupuo: ndege ameshindwa, mimi nitaweza. Mke wangu atarudi Jumapili aukute ukuta, atauliza nani ameujenga, na mimi nitasema nani.

Nyumbani nilikuwa na nusu mfuko wa saruji stoo, iliyobaki kwenye kazi ya Ruaha. Nikachimba udongo wa kichuguu, ambao kila aliyewahi kukandika anajua hauna mpinzani, nikauchanganya na mchanga uliochekechwa, nikaongeza saruji, konzi tatu, nne. Nikabeba ngazi begani. Nilipopanda, ndege wale wawili wakahamia mti wa jirani wakinitukana. Ndani ya tundu kulikuwa na giza na manyoya, na kitu kikanidonoa kidole.

"Pole, mama," nikamwambia. "Nakurekebishia nyumba."

Nilifanya kazi ile kama sijawahi kufanya nyingine. Nilimwagia kingo maji kwanza ili zishike. Nilipiga tabaka la kwanza, nikasubiri livute, nikapiga la pili. Niliacha ufa wa upana wa vidole viwili, nikaunyoosha kwa kijiti, na mwisho nikapitisha kidole gumba pembeni yake mara moja, kushoto kwenda kulia, kama ninavyomaliza kazi zangu zote. Nikashuka, nikakaa kwenye benchi. Baada ya muda dume akarudi na panzi. Aliuangalia ukuta kwa jicho moja, akauangalia kwa jicho la pili, kisha akaning'inia akapenyeza panzi kama vile ukuta ni wake. Hakuna hata kusita. Nikamwacha, nikasema mwenye kujua atajua.

Jumatatu asubuhi nilikwenda bustanini pamoja na mke wangu. Nilikuwa nimevaa shati safi. Mwalimu alikuwa ameshafika na miwani yake mipya, na mke wangu akachukua darubini, akaelekeza kwenye mti, akapiga kigelegele kidogo cha chini chini.

"Mwalimu, njoo uone! Wamekandika upya. Tazama palivyonyooka! Safari hii ni zaidi ya mwanzo. Hapa pana fundi, wallahi."

Nilifungua mdomo. Lakini nilikuwa nimeiandaa ile habari ya mke wa pili kwa siku tatu, na ndiyo iliyotangulia kutoka. "Na mume wenu huyo," nikasema, "nilimkuta Ijumaa na mwanamke mwingine."

Mwalimu akacheka mpaka akavua miwani. "Kijana wangu, ni yule yule. Makinda wakikua jike hubomoa ukuta akatoka, asaidiane na mumewe kuwalisha. Huwezi kuwashibisha peke yako. Makinda waliobaki ndani huziba tena wenyewe kwa kinyesi na tope, na siku yao ikifika wanabomoa kwa midomo yao, wanaruka."

"Kwa midomo?" niliuliza.

"Kwa midomo. Tope lile ni laini."

"Yaani makinda ndio waliojenga hivi!" mke wangu alisema, na sauti yake ilijaa mapenzi. "Watoto wadogo! Na kuna watu wazima wanashindwa chumba kimoja."

Nikafunga mdomo. Miaka kumi na miwili nilikuwa nangoja mke wangu ausifu ukuta wangu. Ameusifu, tena kwa kiapo, na sifa zimekwenda kwa makinda wawili wasio na manyoya ya kutosha. Niliona wivu juu ya kazi ya mikono yangu mwenyewe, na sidhani kama kuna wivu wa kipumbavu zaidi ya huo. Na chini ya wivu kulikuwa na hofu, kwa sababu mimi peke yangu pale ndiye niliyejua kwamba lile si tope.

Ningesema siku ile ile, yangekwisha. Sikusema. Nilijidanganya kwamba saruji ilikuwa kidogo. Lakini mvua za mwezi wa kwanza hazikuacha kunyesha, na kila fundi anajua saruji hukomaa kwa maji. Baada ya kupiga plasta tunalipa watu wamwagilie ukuta wiki nzima. Mimi Mungu alikuwa ananimwagilia bure. Nilipopita bustanini niliuona ukuta wangu ukibadilika rangi siku hadi siku, kutoka kahawia kwenda kijivu. Mke wangu alikuwa ananisimulia jinsi makinda wanavyokua, jinsi midomo inayotoka kwenye ufa ilivyo mirefu sasa, na mimi nilikuwa natafuna bila kusikia ladha. Yule dume, ambaye nilimchukia kwa kuwa mume mzuri, sasa nilimchukia kwa sababu alikuwa anawalisha watoto ambao mimi nimewafungia.

Mwisho wa mwezi walianza kugonga. Mke wangu alirudi nyumbani karibu anakimbia. "Wanatoka! Kesho wanatoka!" Kesho yake alirudi taratibu. Wamegonga kutwa nzima, alisema, na hata kipande hakijaanguka. Wazazi wamekaa tawini na chakula midomoni, wanaita, hawasogei karibu, wanataka watoto wakifuate. Siku ya pili ilikuwa hivyo hivyo. Siku ya tatu hakuuza vitumbua. Jioni aliweka chakula mezani, akakaa pembeni bila kunawa.

"Wanagonga pole pole sasa," alisema. "Watafia humo, baba watoto. Watafia humo na mama yao anawaona. Nimelinda mpunga miaka yangu yote ya utoto nikiomba ndege wafe. Labda ndiyo nalipwa."

Hapo ndipo nilipojua siwezi. Kumwacha amsifu mwingine niliweza, ingawa kwa shida. Kumwacha abebe dhambi yangu sikuweza.

Asubuhi tulitoka pamoja. Nilibeba ngazi, nyundo ndogo na tindo. Hakuniuliza kitu njiani. Nadhani alifikiri nataka kujaribu tu, kama mwanamume yeyote anavyojaribu. Mwalimu alikuwa kwenye benchi lake. Nikamwamkia, akaitikia, nikaegemeza ngazi kwenye mng'ongo. Mke wangu akaja kuishika kwa chini.

Nikapanda. Ukuta ulikuwa wa kijivu na mgumu, na alama ya kidole gumba changu imekaa pale pale pembeni ya ufa. Ndani kulikuwa na mwendo, dhaifu. Nikaweka tindo, si katikati, ila kwenye kona ya chini kushoto, ambako tabaka la pili lilikuwa jembamba. Mtu asiyeujua ukuta asingeanzia pale. Nikagonga mara moja, taratibu. Mara ya pili. Mara ya tatu ukatoa sauti, ile sauti ya kavu inayojulikana na kila aliyewahi kubomoa plasta, na kipande kikubwa kama kiganja kikaanguka. Kilimpita mke wangu begani kikatua kwenye majani karibu na mguu wake. Hakikuvunjika.

Nikaendelea. Vipande vingine viwili, na tundu likawa wazi. Kichwa kikatokeza, kina manyoya yaliyosimama na jicho jeusi lenye hasira, na nyuma yake kingine. Wazima wote wawili. Nikaegemeza paji la uso kwenye gome.

Kisha nikahisi ngazi imeachiwa upande mmoja kule chini. Nilipotazama, mke wangu alikuwa ameishika kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia ulikuwa na kile kipande. Alikuwa anakisugua kwa kidole gumba, pale pembeni palipopita kidole gumba changu. Mwanamke aliyeuza vitumbua na kumwona mumewe akimaliza kuta kwa zaidi ya miaka ishirini hahitaji kuambiwa.

"Hii ni simenti," alisema.

Mwalimu aligeuza darubini akatazama upande wa ofisi ya kata.

"Ndiyo," nilisema.

"Ulikuwa nayo?"

"Iliyobaki Ruaha. Nusu mfuko."

Alikigeuza kipande upande wa pili. Hakupaza sauti. Angepaza ningejua namna ya kujibu.

"Mimi nilikuomba ndoo moja ya plasta," alisema. "Miaka kumi na miwili, ndoo moja, ya upande wa kichwani tu."

Nilibaki juu ya ngazi, tindo mkononi. Dume akatua kwenye tawi lililo karibu na uso wangu, ana panzi mdomoni, akanitazama kwa jicho moja, akanitazama kwa jicho la pili, akangoja nimpishe apite kwa watoto wake.

Nikampisha.